Mimba ya Vidonge

Wiki iliyopita, kwenye benchi la kliniki hapa Garissa, nilikaa karibu na mwanamke kijana aliyejifunika mtandio hadi machoni. Alipoushusha kidogo ili anywe maji, nikayaona mashavu yake. Nikamwuliza kwa sauti ya chini, "Vidonge vyako ni vya baridi yabisi au vya pumu?" Alinitazama kama mtu aliyeshikwa akiiba, halafu akaanza kulia. Akasema mumewe halali tena upande wake, na mawifi wanaangalia kila tonge analotia mdomoni. Kabla sijamjibu nesi akaita jina lake, na alipotoka mimi nilikuwa nimeshaingia kwa daktari. Sikumwona tena. Haya ninayoandika ndiyo niliyotaka kumwambia, na kama hatayasoma yeye, atayasoma mwingine mwenye mashavu kama yale.

Jina langu ni Maryan. Nilizaliwa Nairobi, mtaa wa Isli, ambako baba alikuwa na bucha. Nilikua nikizungumza Kiswahili na watoto wa kila kabila kabla sijakimudu vizuri Kisomali cha mama yangu. Niliolewa Garissa na Abdi, mfanyabiashara wa mifugo, muda mfupi kabla ya vita vya serikali na shifta, waasi wa kaskazini, kuanza. Wakati huo nilikuwa mrefu, mwembamba, na mama mkwe alikuwa akiniambia nile zaidi ili nifanane na mke wa mtu.

Mama mkwe huyo, ambaye nilimwita Hooyo, yaani mama, kama walivyomwita watu wote wa nyumba ile, alikuwa mkunga. Ndiye aliyempokea binti yangu Halima mikononi mwake. Na ni baada ya Halima kuzaliwa ndipo ugonjwa ulipoanza.

Ulianza vidoleni. Nikiamka asubuhi vidole vilikuwa vimekauka kama vya mtu aliyekufa, havikunjiki wala havinyooki. Baadaye vifundo vya mikono vikavimba, kisha magoti. Nilishindwa kumkamua mbuzi. Nilishindwa kumfungua Halima nepi. Mwanamke wa kwetu hufunga nguo yake kwa fundo begani, na mimi nilishindwa hata fundo hilo, kwa hiyo Abdi ndiye aliyenifunga kila asubuhi. Wenzake walimcheka. Yeye alikuwa akisema, "Acha wacheke, hawana mke wa kufunga," huku akinivuta nguo taratibu ili asiniumize. Nataka mjue kwamba alikuwa hivyo. Nisipolisema hili, yaliyokuja baadaye yataonekana madogo.

Hooyo alinichoma vifundo kwa kijiti cha moto, kama tulivyofanyiana tangu zamani. Alinikanda kwa mafuta ya simsim, akanichemshia mizizi. Maumivu yalibaki palepale. Mwishowe Abdi akanipeleka kwa Josefu.

Josefu alikuwa mtu wa bara aliyewahi kufanya kazi ya kufunga vidonda, na watu bado walimwita Dresa ingawa alishaacha kazi ile na kufungua kiduka karibu na soko la mbuzi. Aliuza sabuni, chumvi na dawa. Alinishika vidole, akavipinda mpaka nikapiga kelele, kisha akaingia nyuma ya pazia. Alirudi na vidonge vidogo vyeupe ndani ya kopo la maziwa ya unga, kopo lisilo na karatasi.

"Kimoja asubuhi, kimoja jioni," alisema. "Hivi ni vya maumivu."

"Vina jina?" Abdi akauliza.

"Vina kazi. Jina la nini?"

Kabla ya Ijumaa kufika, niliamka nikajifunga fundo langu mwenyewe. Abdi alikuwa mlangoni, mikono imening'inia, hajui aifanyie nini. Tulicheka mpaka Halima akaamka. Nilitwanga, nilikamua, nilibeba maji. Nilikula kama mtu aliyetoka jela. Siwezi kumlaumu yeyote anayevipenda vidonge hivyo, kwa sababu mimi niliamini vimetoka peponi.

Nahesabu ugonjwa wangu kwa makopo. Kopo la kwanza lilikuwa furaha tupu. Kopo la pili lilikuja na mvua za vuli, na wakati huo tulipata habari kwamba kaka yake Abdi amefariki huko Bute, mbali kaskazini, ameacha mjane na ngamia. Ilibidi Abdi aende akawaangalie. Safari wakati ule haikuwa kitu cha kuamua tu na kuondoka. Magari yalitembea kwa msafara yakilindwa na wanajeshi, na aliyeonekana porini peke yake alionekana adui na pande zote mbili.

"Nitarudi kabla kiangazi hakijakolea," aliniambia.

Kiangazi kilikolea, barabara zikafungwa, mvua za mwaka uliofuata zikaja na kupita, na Abdi hakurudi.

Mimi nilikuwa kwenye kopo la tatu, na kidonge kimoja hakikutosha tena. Maumivu yalikuwa yakirudi mchana, kama mgeni aliyesahau kitu. Nikamwendea Josefu. "Ongeza," alisema. Nikaongeza. Kwa muda mwili ukatulia, halafu ukaanza tena kudai. Nikaongeza tena bila kumwuliza.

Uso ndio uliotangulia kubadilika. Mashavu yalijaa, yakawa ya duara, na mekundu kidogo kana kwamba nimetoka jikoni. Wanawake walinisifu. "Alhamdulillahi, Maryan amepata mwili!" Hata Hooyo alifurahi. Lakini mikono na miguu haikunenepa, ilizidi kukonda. Tumbo lilijitokeza mbele, duara na gumu, na juu yake ikatokea michirizi ya rangi ya zambarau kama mtu amenichora kwa kalamu. Nyuma ya shingo pakaota nundu. Nywele laini zikanimea kidevuni. Nikigusa tu ukingo wa kitanda, ngozi ilivilia damu. Na damu ya mwezi ikakatika kabisa.

Niliketi peke yangu nikajiuliza swali ambalo hakuna mwanamke anayepaswa kujiuliza kuhusu mwili wake mwenyewe. Mume wangu ameondoka zamani, sijaguswa na mtu. Je, inawezekana? Nilijua haiwezekani, na bado nilijiuliza. Mwili wako ukianza kukushuhudia uongo, hata wewe unaanza kuusadiki.

Katika kiangazi kilichofuata ndipo tulipohamishiwa kijijini. Waliokuwa pale wanakumbuka, na wasiokuwapo wawaulize wazee wao. Serikali ilikusanya watu wa maboma na kuwaweka sehemu moja yenye ulinzi ili wasiwape shifta chakula. Kijiji chetu kilikuwa kando ya mto Tana, upande wa barabara ya Balambala, kimezungushiwa seng'enge, kina lango moja. Mifugo mingi ilikufa kwa kukosa malisho. Tulipanga foleni ya posho, tulipanga foleni ya maji. Kila mtu alikuwa akikonda, na mimi mashavu yangu yaling'aa.

Kibaya zaidi, nilijua Kiswahili. Wanajeshi langoni walikuwa watu wa bara, na wanawake wetu hawakuelewana nao. Kwa hiyo kila palipotokea jambo, koplo aliniita. "Mama Halima, njoo usemeshe hawa." Nilisimama kati yao nikitafsiri: huyu anataka kwenda kuzika, huyu mtoto wake anaharisha, huyu anasema mbuzi aliyechukuliwa ni wake. Niliwasaidia wengi. Na kwa kuwa nilisaidia langoni, nilipewa ruhusa ya kupanda lori la posho kwenda mjini, ambako nilimpitia Josefu na kujaza kopo.

Sasa jiweke mahali pa jirani yangu mwenye njaa. Anamwona mwanamke ambaye mumewe hayupo, anayeongea na wanajeshi kwa lugha isiyoeleweka, anayepanda lori lao, na uso unazidi kujaa na tumbo linazidi kutoka. Ungefikiri nini? Kwanza walisema ninakula kambini. Baadaye wakaanza kuulizana chakula hicho ninakilipia kwa kitu gani. Nikifika kwenye foleni ya maji mazungumzo yalikatika. Mwanamke mmoja niliyemtafsiria hadi mtoto wake akapelekwa hospitali alivuta ndoo yake isigusane na yangu.

Nilimwendea Hooyo. Nikamwambia, "Hooyo, wewe ndiye mkunga. Nishike tumbo."

Nililala chali. Alinishika kwa viganja vyake vyote viwili, kama alivyonishika nilipokuwa na Halima. Alibonyeza chini, akabonyeza pembeni, akatega sikio juu ya kitovu. Alichukua muda mrefu. Kisha akanifunika nguo.

"Hamna kitu," alisema. "Hamna mtoto humu."

"Wallahi?"

"Nimewashika wangapi mimi? Hamna."

Nililia kwa faraja. Niliamini nimepata shahidi ambaye hakuna mtu angeweza kumpinga.

Abdi alirudi baada ya mvua za masika, pamoja na msafara uliotoka Wajir. Alikuja na ngamia wachache na mjane wa kaka yake. Nilisimama nje ya kibanda kumpokea, nimejipaka hina. Alinipita. Wallahi alinipita, akaenda mbele hatua kadhaa akinitafuta, ndipo akageuka. Macho yake yakashuka usoni, yakafika tumboni, yakabaki hapo.

"Ni vidonge," nilimwambia kabla hajafungua mdomo. "Vile vya Josefu. Abdi, wewe mwenyewe ulinipeleka."

"Vidonge vya maumivu?"

"Vimenifanya hivi. Muulize Hooyo, amenishika."

Hakumwuliza Hooyo. Alisema atamwuliza Josefu kwanza, kwa kuwa Josefu ndiye mwenye dawa. Nikafurahi. Nilifikiri, sasa yataisha.

Lakini vidonge vile Josefu hakupaswa kuwa navyo. Hilo nililijua baadaye. Alikuwa akivipata kwa njia zake, na wakati ule wa vita mtu aliyekamatwa na dawa zisizo zake hakuulizwa mara mbili, maana wangesema anawapelekea shifta. Kwa hiyo Abdi alipomwuliza kama dawa ile inaweza kumvimbisha mwanamke tumbo, Josefu alichukua aspirini kutoka kwenye rafu, akaziweka mkononi mwa mume wangu, akasema, "Nilimpa hizi. Watu wote wanameza hizi. Umeona nani amepata tumbo?"

Abdi alirudi na aspirini zile zimefungwa kwenye karatasi. Alizimwaga mbele yangu.

"Hizi sizo," nilimwambia. "Zangu ni ndogo. Ngoja nikuonyeshe kopo."

"Kopo la maziwa," alisema. "Nimeshaona kopo. Kila mtu ana kopo."

Wazee wa ukoo wakakaa. Walikaa kwenye kivuli cha turubai ya posho, na mimi nikawekwa nyuma, pamoja na wanawake. Abdi alieleza. Hakunitukana, alieleza kwa upole, na upole wake uliniuma kuliko matusi. Kisha mzee mmoja akamgeukia Hooyo.

"Wewe ni mkunga. Umemshika?"

"Nimemshika."

"Ana mimba, hana?"

Nilimtazama. Alikuwa ameshika ncha ya mtandio wake, anaikunja na kuikunjua. Hakuniangalia.

"Mambo ya tumbo anayajua Mungu," alisema. "Mimi sijui."

Nilisimama nikapiga kelele, "Hooyo! Uliniambia hamna kitu!" Wanawake wakanivuta chini. Abdi akatamka talaka moja, kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayetaja bei ya mbuzi.

Mwanamke aliyeachwa hukaa eda, yaani hungoja kabla ya kuolewa tena, na kama ana mimba eda yake huisha anapojifungua. Basi wakasema nikae mpaka nijifungue. Mnaelewa walichonihukumia? Nilipaswa kusubiri kumzaa mtoto asiyekuwepo. Miezi ilipita, tumbo likabaki vilevile, na badala ya kusema tulikosea, wakaanza kunong'ona kwamba nimeitoa. Halima akahamishiwa kwa Hooyo alale huko. Alikuwa bado mdogo, alidhani ni mchezo. Alikuwa akija asubuhi mbio, ananishika mashavu kwa mikono miwili na kuyabana, maana aliyapenda, ni yeye peke yake aliyeyapenda.

Kisha vidonge vikaisha. Josefu alikuwa ameogopa maswali ya Abdi. Nilipofika dukani kwake alisimama mlangoni, akazungumza kwa sauti ili wapita njia wasikie: "Mama, mimi sijui unataka nini. Nenda hospitali." Nilipiga magoti mbele ya mtu huyo. Alifunga mlango.

Nilidhani maumivu ndiyo yatakayokuja. Yalikuja, lakini hayakuwa peke yake. Nguvu ziliniishia kama maji yanavyotoka kwenye kiriba kilichotoboka. Nilitapika kila nilichokula. Nilitamani chumvi, nikailamba kutoka kwenye kiganja kama mbuzi. Nikisimama dunia inazunguka na kuwa nyeusi. Waliokuwa wakipita walisema ninajifanya, wengine wakasema ni dawa niliyokunywa kutoa mimba. Mchana mmoja, kwenye foleni ya posho, nikaanguka na sikuweza kuinuka.

Hakuna mkono uliotoka kwenye foleni ile kuniinua. Aliyekuja ni koplo. Alipiga magoti akanitazama midomo, akanishika mapigo ya mkono, akasema, "Huyu mama anakufa. Leteni machela." Wakanipandisha kwenye lori. Nilijua kila jicho linasema, mnaona, ndio hao wanaume zake. Nilijua, na sikuwa na nguvu hata ya kufunika uso. Nimewahi kumsikia mtu akisema hakuna Mwislamu anayepaswa kumshukuru askari wa mwaka ule. Mimi namshukuru huyo mmoja, na nitamshukuru hadi kaburini.

Hospitalini nililazwa kwenye mkeka ukumbini, kwa sababu vitanda vilikuwa vimejaa. Majeruhi walitangulia, ndivyo ilivyokuwa. Pembeni yangu kwenye benchi kulikuwa na mke wa mwalimu kutoka bara, aliyekuja na mtoto mwenye surua. Alikuwa na chupa ya chai. Hakunijua, hakuuliza mimi ni mke wa nani wala tumbo ni la nani. Alinipa kifuniko cha chupa kimejaa chai yenye chumvi, maana niliomba chumvi badala ya sukari na yeye akaenda kuitafuta jikoni. Hakucheka. Mambo madogo kama hayo ndiyo yaliyonivusha.

Daktari alikuwa mtu mfupi mwenye miwani, kutoka bara. Alinitazama uso, akanigeuza akaona nundu, akafunua tumbo akaona michirizi. Hakuuliza mume wangu yuko wapi. Aliuliza, "Mama, umekuwa ukila vidonge gani?"

Nilikuwa na kimoja cha mwisho, nimekifunga kwenye pembe ya mtandio. Nilikuwa nikikiogopa kukimeza. Alikiweka kiganjani, akakisogeza karibu na macho, akaketi kwenye ukingo wa benchi kama mtu aliyechoka ghafla.

"Nani alikupa hivi? Kwa muda gani?"

"Tangu mvua za mwaka juzi. Alisema ni vya maumivu."

"Na alisema usiviache ghafla?"

"Hakusema kitu."

Akatikisa kichwa. "Huna mimba, mama. Hukuwa nayo. Hivi vidonge ndivyo vimekufanya hivi."

Nikamwomba alirudie. Akalirudia. Nikamwomba tena.

Alinieleza jambo ambalo nimelieleza kwa wanawake wengi tangu siku ile. Alisema mwili hutengeneza wenyewe kitu kinachofanana na dawa ile, na kila kiungo kina mahali pa kukipokea, kama masikio. Vidonge vikimiminwa siku baada ya siku, mwili huacha kutengeneza cha kwake. Na masikio nayo hupungua, kama ya mtu anayeishi karibu na mashine ya kusaga. "Ndiyo maana mwanzoni kimoja kilitosha," alisema, "halafu viwili, halafu hata vingi havikutosha. Dawa yenyewe inajizibia masikio. Sasa ikikatika ghafla, ya dukani haipo, na ya kwako haipo. Mtu hufa hivyo."

"Na tutafanyaje?"

"Tutairudisha. Kisha tutaipunguza polepole sana, mpaka mwili ukumbuke kazi yake. Utaumia. Usije ukadhani ninakudanganya nikikwambia utaumia."

Hakunidanganya. Alikuwa mtu wa kwanza kwa muda mrefu.

Nilipopata nguvu, alituma mtu kijijini awaite wakwe zangu. Alikuja Abdi, na Hooyo nyuma yake. Daktari alieleza yote kwa Kiswahili. Abdi alikijua Kiswahili cha sokoni, akawa anasema, "Daktari, bole bole," yaani polepole kwa ulimi wa Kisomali, na daktari akarudia taratibu. Lakini Hooyo hakukijua hata kidogo, na nesi anayejua Kisomali hakuwa zamuni. Kwa hiyo daktari akanigeukia mimi nimtafsirie.

Hebu fikirini. Nililala pale, nina bomba mkononi, nikitafsiri maneno ya kunisafisha mimi mwenyewe. "Daktari anasema sikuwa na mimba. Daktari anasema ni dawa." Hooyo alisikiliza mpaka mwisho.

"Unajitafsiria mwenyewe," alisema.

Hapo ndipo hasira yangu ilipotoka. "Wewe huhitaji tafsiri, Hooyo. Wewe ulinishika. Ulijua kabla ya daktari."

Abdi akamtazama mama yake. Hooyo akasema kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kutoka kwake, "Ningesema hamna mtoto, halafu tumbo likaisha, wangesema ni mimi niliyeitoa mimba. Mkunga ni nani mwingine pale? Wangenifukuza. Ningeenda wapi, na seng'enge kila upande?"

Nilimwelewa. Hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo, kwamba nilimwelewa. Lakini hakuomba msamaha, na mimi sikumpa.

Abdi alimwuliza daktari maswali mawili matatu zaidi. Kisha akasimama akarekebisha kilemba, akasema barabara inafungwa mapema, wakaondoka.

Kupunguza vidonge kulichukua kiangazi na mvua na kiangazi kingine. Kila daktari alipoondoa nusu ya kidonge, maumivu ya viungo yalirudi na ngozi ikauma kama nimechunwa. Kuna asubuhi ambazo nilivichukia vidonge kwa kuwa vilinivunjia nyumba, na nilivililia kwa kuwa viliweza kuninyoosha vidole. Mtasikia hivyo na ninyi. Msiogope, si wazimu. Nilikaa kwa mjane mmoja karibu na hospitali, na nikawa ninatafsiri wodini ili nipate chakula. Uso ulianza kupungua, kwanza chini ya macho. Nundu ikalainika. Michirizi ikafifia ikawa myeupe, na iko hapa hadi leo. Kisha asubuhi moja nikaona damu ya mwezi. Niliketi sakafuni nikacheka peke yangu. Mwili ulikuwa umeanza kunisikia.

Si kwamba nilipona kabisa. Vidole viwili vya mkono wa kushoto havikunyooka tena, na natumia kidonge kidogo baridi ikizidi, kwa amri ya daktari, kwa jina lake, kutoka kwenye kopo lenye karatasi. Kama umeandikiwa na daktari wako, meza, vimeokoa wengi. Ila uliza ni nini, uliza hadi lini, na usikubali mtu akuambie uviache leo. Na mwite mumeo aingie nawe ndani asikie mwenyewe.

Vita vilipoisha na lango likafunguliwa, Abdi alikuja. Alikuwa ameshamwoa mjane wa kaka yake. Alinikuta nimekaa nje ninachambua mchele. Safari hii alinitambua kutoka mbali.

"Umerudi kuwa wewe," alisema.

"Nilikuwa mimi siku zote."

Alikaa. Alisema tunaweza kufunga ndoa upya, kimya kimya, kwa kadhi, na kila mtu atasahau.

"Utasema mbele ya wale wazee?" nilimwuliza. "Pale pale ulipotamka? Useme kwamba sikuwa na mimba, na kwamba ulikosea?"

Akachora mchangani kwa fimbo. "Wazee wametawanyika, Maryan. Mambo yamepita."

"Basi na mimi nimepita."

Hakubishana. Nadhani alikuja akitarajia jibu hilo. Alinyanyuka akasema jambo moja tu jema, kwamba ataniletea Halima, na kwa hilo alitimiza neno.

Alimleta kabla ya mvua. Halima alikuwa amerefuka, amevaa gauni la mtu mkubwa lililokatwa. Nilifungua mikono. Alijificha nyuma ya miguu ya baba yake.

"Huyu ndiye mama yako," Abdi alimwambia.

Mtoto alinitazama, akatikisa kichwa. "Siye. Mama yangu ana mashavu."

Nilikuwa nimeteseka misimu yote ile ili nirudishe uso wangu, na mtoto wangu hakuwahi kuujua uso huo. Alikuwa mchanga mno. Ule niliouchukia, ulioniletea talaka, ndio aliokuwa ameushika kwa mikono yake kila asubuhi na kuupenda, na mimi nilikuwa nimemwondolea.

Nilipiga magoti mchangani. Nikavuta pumzi, nikajaza mashavu hewa mpaka yakafura, nikayashikilia hivyo. Halima alichungulia. Akasogea. Akaweka mikono yake miwili midogo mashavuni mwangu na kuyabana, hewa ikanitoka kwa sauti, naye akacheka.

"Tena," alisema.